Masaa Manne Kabla ya Mtoto

Shituru, Likasi
Jumatano, 26 Februari 2025

Yaya Orpha, dada yangu mkubwa,

Anacheza! Hata sasa ninapoandika amerusha teke, kalamu ikaruka, ndiyo maana unaona mstari huu umepinda. Wiki thelathini na tano, yaya. Thelathini na tano!

Usishangae kwamba nakuandikia kwa karatasi wakati dunia nzima inatuma vokali, ujumbe wa sauti. Simu yangu unajua inakokaa: ndani ya fundo la kitenge cha mama mkwe wangu, kwa sababu wateja wake wa samaki wakavu wamezoea namba yangu. Vokali yako ya mwisho Mama Hortense aliifungulia uani, sauti juu kabisa, mbele ya wanawake watatu, na wewe hapo ulikuwa unaniuliza kama bado ninapata choo kigumu. Mpaka leo wananisalimia kwa kucheka. Basi toka sasa barua zetu atazibeba Willy, yule dereva wa taxi-bus ya Mulungwishi. Anasema anapita mbele ya zahanati yako kila siku.

Sasa sikiliza. Jana nilikwenda kupimwa mimba. Muuguzi mpya, anaitwa Blandine, akaniuliza habari za mimba ya kwanza. Nikamweleza: Clovis alizaliwa mzima, akalia, akanyonya, siku ya pili akaanza kuhema kwa shida, mwili ukawaka moto, na kabla jua halijatua alikuwa amekwenda. Nikamwambia pia kwamba maji yangu yalipasuka siku nzima kabla ya kuzaa, na kwamba tulibaki nyumbani. Blandine akaacha kuandika. Akaniambia kuna kijidudu kinaitwa streptokoki B, kinakaa ndani ya mwanamke kimya kimya bila kumsumbua, lakini mtoto anaweza kukiokota wakati wa kupita. Mtoto wa kwanza hakupimwa damu, kwa hiyo hawezi kuapa. Lakini mimi ninaweza kupimwa nikifika wiki thelathini na sita. Wanapitisha pamba, wanaituma Lubumbashi.

Yaya, miaka miwili nimeambiwa ni mapenzi ya Mungu, ni jicho la watu, na wengine wa ukoo wa mume wangu Kalenga wamesema ni kosa la siri la mama. Wewe unajua wanamaanisha nini: kwamba nilikwenda nje ya ndoa, nikakataa kuungama. Hakuna aliyewahi kunipa jina la kitu chenyewe. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi!

Lakini nina maswali. Nipime? Kikionekana, ninakunywa dawa gani? Au nipasuliwe? Na nitafanyaje na Mama Hortense? Hapa nyumbani uchungu hautangazwi. Juzi amenirudia tena, kidole juu: «Bantu ba hii avenue beko na mulomo murefu. Ukisema bucungu imeanza, banakufungiya mutoto mu tumbo. Unanyamaza mpaka kichwa iko karibu, njo tunaenda.»

Jibu haraka. Huyu hapa ananipiga mbavu kukusalimia.

Mdogo wako,
Daniella


Mulungwishi
Jumamosi, 1 Machi 2025

Daniella mdogo wangu,

Willy amenipa barua yako nikiwa na glovu mkononi, mwanamke kitandani anasukuma. Nikaiweka mfukoni, tukapata mtoto wa kilo tatu na nusu, ndipo nikaisoma. Mpe huyo Blandine heshima zangu zote. Kama ningekuwa karibu ningembusu.

Pima! Usiulize mara mbili. Na uondoe hofu kichwani: hicho kijidudu si ugonjwa wa zinaa. Hakuna aliyekuletea, wala wewe hukumpelekea mtu. Kinaishi tumboni na huko chini, kinakuja, kinaondoka, kinarudi. Katika wajawazito kumi, mmoja mpaka watatu wanacho, wake za wachungaji pia wamo. Watoto wao wengi hawapati kitu. Lakini yule mmoja anayepata, anapata vibaya na kwa haraka.

Umeuliza njia zilizopo. Mahali pasipo na kipimo, sisi wakunga tunaangalia dalili: maji yakipasuka masaa kumi na nane bila mtoto kutoka, mama akipata homa, au mimba ikiwa haijafika wiki thelathini na saba, tunampa dawa ya mshipani. Ndivyo ninavyofanya hapa. Mahali penye kipimo, unajua mapema, unajipanga. Kikionekana, unatundikiwa penisilini uchungu ukianza, mpaka mtoto azaliwe. Kupasuliwa kwa sababu hiyo peke yake, hapana, kisu kina hatari zake. Penisilini haijawahi kukuvimbisha, sivyo? Nakumbuka walikudunga shuleni kwa ajili ya koo, ukalia kwa sababu ya sindano tu.

Kuhusu Mama Hortense, usimwambie chochote kwa sasa. Nenda kapime kwanza. Habari za Clovis nazo tutaongea siku nyingine, kuna jambo langu ndani yake, lakini si leo.

Nina furaha mpaka nimemwambia Willy angoje niandike. Anapiga honi.

Yaya wako,
Orpha


Shituru
Jumatatu, 17 Machi 2025

Yaya mpendwa,

Kipo! Majibu yamerudi kutoka Lubumbashi. Blandine aliniita pembeni, akanionyesha karatasi, na badala ya kulia nilipiga kofi la furaha, akafikiri nimechanganyikiwa. Adui ana jina, ana karatasi, ana muhuri!

Kisha nikasoma karatasi yenyewe njiani, nikaificha haraka ndani ya kitenge. Imeandikwa wazi ilikochukuliwa hiyo pamba. Fikiria Kalenga anaisoma. Fikiria shangazi zake wanaisoma. Mtu ambaye tayari anangoja niungame, ukimwonyesha karatasi inayosema mke wa mwanao ana mdudu huko chini, atakuelewa vipi? Kalenga ni mwema, lakini yuko na sikio kwa ndugu zake. Nimeikunja nikaiweka ndani ya Biblia yangu, katika Hesabu, kwa sababu pale hakuna mtu anayefika.

Sasa ngoja nikufurahishe. Blandine alitaka turudi tuongee vizuri kuhusu hiyo serumu, dawa ya kutundikiwa mshipani, lakini mimi nimeshamaliza kazi! Nimekwenda kwa Jean-Claude wa duka la dawa sokoni, nikamwambia nataka kitu cha kuua mikrobu, vijidudu vya ndani. Amenipa vidonge vya rangi mbili, ninakunywa asubuhi, mchana na jioni. Leo ni siku ya tatu, bado siku saba. Nikimaliza nitakuwa safi kama sahani ya harusi. Hakuna serumu, hakuna maswali, hakuna mtu wa kujua. Mama Hortense akitaka ninyamaze, nitanyamaza mpaka kichwa kionekane. Mtoto atapita njia iliyofagiliwa.

Sema kwamba mdogo wako ana akili! Mtoto yuko chini sasa, ninatembea kama bata.

Daniella


Mulungwishi
Jumatano, 19 Machi 2025

Daniella,

Umenitoa roho. Akili unayo, lakini umeituma mahali ambapo haina kazi. Jean-Claude auze dawa za minyoo, huko nitamwamini.

Soma hapa polepole. Vidonge unavyokunywa leo vinakipunguza kijidudu leo. Ukiacha, kinarudi, na siku ya kuzaa kiko palepale kinakungoja. Ndiyo maana hakuna mkunga mwenye kusoma anayempa mwanamke vidonge mapema kwa jambo hili. Dawa inatakiwa iwe ndani ya damu yako wakati ule ule mtoto anapita, na ifike kwake kabla hajatoka. Inapita kwenye mshipa, inavuka kondo, inamfikia. Hiyo inataka muda. Masaa manne, Daniella! Angalau masaa manne kati ya dozi ya kwanza na mtoto. Chini ya hapo tunampa hivyo hivyo, ni bora kuliko kukosa, lakini mtoto tunamchunga kwa wasiwasi zaidi.

Kwa hiyo ule mpango wa kunyamaza mpaka kichwa kionekane ndio utakaotuua. Mtoto wa pili hangoji kama wa kwanza. Maji yakipasuka, hata bila maumivu, unakwenda. Uchungu wa kwanza ukija, unakwenda. Unafika unasema: nina streptokoki B, mtoto wangu wa kwanza alikufa siku ya pili, nitundikieni penisilini. Useme kwa sauti hata kama mganga ana haraka.

Najua mlangoni kuna nani. Yule mama mkwe wako ni kufuli yenye kilemba. Anaogopa midomo ya majirani kuliko anavyoogopa kaburi la mjukuu. Mpite pembeni. Mwambie unakwenda chooni, mwambie unakwenda kununua chumvi, panda pikipiki ya kwanza.

Sasa lile jambo langu. Nimelibeba miaka miwili, na leo nalitoa kwa sababu nataka uniamini. Siku ile maji yako yalipopasuka, ulinipigia simu, unakumbuka? Nikakuambia: «Haina kitu, mutoto wa kwanza anakawiyaka, ngoya tu ku nyumba.» Mimi. Mkunga wa miaka kumi na moja. Wewe umelilaumu jicho la jirani, umemlaumu Mungu, hujawahi kunilaumu mimi, na kila mara ukiniita yaya kitu kinanichoma. Sijui kama ni kijidudu kile kilichomchukua Clovis. Lakini ningekuambia nenda, pengine tungekuwa na mvulana wa miaka miwili anayevunja vikombe. Nisamehe. Ukishindwa kunisamehe, basi nitii tu.

Yaya wako,
Orpha


Shituru
Jumatano, 26 Machi 2025

Yaya,

Mbona kimya? Siku tisa! Nimemwuliza Willy, anaapa kwamba aliniletea barua yako Alhamisi na kumpa «mutu wa ku nyumba», lakini alikuwa na abiria wanaopiga kelele na hakumbuki ni nani. Nimemwuliza kila mtu. Kalenga hajaona. Mama Hortense amesema «barua gani?» bila kugeuza kichwa, alikuwa anachambua samaki. Itakuwa imeanguka njiani, na sasa kuna mama huko Kambove anayesoma mambo ya choo changu.

Mimi niko vizuri mno! Vidonge nimemaliza. Ninajisikia safi. Vitambaa vya mtoto nimevikunja mara tano, ninavikunjua, ninavikunja. Kalenga akirudi zamu yake kiwandani anaweka sikio tumboni, anasema anasikia mtu anaimba. Sijamwambia habari za karatasi, ya nini tena?

Ni Mama Hortense peke yake ananishangaza. Toka wiki iliyopita hasemi nami sana. Jana nilimkuta ameshika kalenda ya kanisa, anahesabu kwa vidole, akaniona akaificha mgongoni. Nadhani anahesabu siku zangu kwa siri yake. Kwa hiyo nimeamua kumfurahisha: uchungu ukija sitatoa hata mguno. Ataona kwamba mkamwana wake amefundishika.

Niandikie hata mistari miwili.

Daniella


Mulungwishi
Ijumaa, 28 Machi 2025

Daniella!

Nilikuandikia! Vidonge HAVITOSHI. Ukianza tu, nenda hospitali, masaa manne kabla ya mtoto, serumu ya penisilini. Usinyamaze! Nimepiga simu mara sita, Mama Hortense anajibu «amelala» na kukata. Niko peke yangu zamu mpaka Alhamisi, mwenzangu ana malaria, na nina wanawake wawili wanaokaribia. Nitakuja Jumamosi ijayo. Willy ameapa kukupa hii wewe mwenyewe, mkononi, na ukiwa hupo arudi nayo. Nimemtisha.

Orpha


Shituru
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Kwa Bibi Orpha, mkunga, Mulungwishi

Salamu katika Bwana.

Huyu anayekuandikia ni kufuli yenye kilemba.

Ndiyo, nilikuwa mimi. Willy alinipa barua yako ya tarehe kumi na tisa, nikaifungua kwa mvuke wa sufuria. Nilifikiri nitakuta humo jina la mwanamume. Hilo nakuambia wazi, nimechoka kuficha mambo. Nilitaka nimpelekee mwanangu Kalenga ushahidi. Kumbe nikakuta vidonge na masaa manne, na mimi mwenyewe nikitukanwa vizuri sana. Una mkono mwepesi wa matusi, bibi. Nilikasirika siku nne, nikakata simu zako zote kwa raha kabisa.

Siku ya tano niliisoma tena, pale ulipoandika kwamba uliwahi kumwambia angoje nyumbani. Nikakaa chini. Kwa sababu mimi pia nilimwambia angoje. Siku ile ile, chumba kile kile. Wewe kwa simu, mimi mlangoni.

Nitakuambia ambalo hata Kalenga halijui. Kabla yake nilizaa wawili katika nyumba hizi za kampuni, mwaka themanini na sita na mwaka themanini na nane. Wote wawili walikufa siku ya pili, wanahema hivyo hivyo kama Clovis. Mama mkwe wangu akasema ni mdomo wangu, nilijisifu na tumbo, nilitangaza uchungu, watu wakanifunga. Kalenga nikamzaa kimya kama mwizi, akaishi. Basi nikaamini. Miaka yote hii ninafunga midomo ya wanawake kwa kuwapenda, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuna kijidudu.

Nilipaswa kumwambia Daniella palepale. Nilimwona anameza kile kidonge cha mwisho nikanyamaza, maana ningesema angejua nimefungua barua. Aibu, bibi. Kwa aibu hiyo hiyo nikaendelea kukata simu zako. Nikajiambia: nitamchunga kwa macho, siku ikifika nitajua. Nikahesabu siku kwenye kalenda ya kanisa. Karatasi yako ya tarehe ishirini na nane Willy alirudi nayo mara mbili kwa sababu hakumkuta, ulimtisha kupita kiasi.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunaambua karanga. Nikaona mkono wa Daniella umesimama ndani ya sinia. Nikamtazama usoni, anatabasamu. Nikasema, «Daniella, uko na nini?» Akasema, «Hapana mama, ni mugongo tu njo inaniluma.» Jasho limejaa juu ya mdomo. Dakika chache, mkono ukasimama tena. Anatabasamu tena! Nilimfundisha mimi, na alikuwa amejifunza vizuri mno, na nikaona kwamba mtoto huyu atanitolea mjukuu mikononi akiwa bado anatabasamu.

Nilirusha lile sinia. Nikatoka barabarani bila kilemba, mimi Hortense, na nikapiga kelele ambayo sijapiga toka nizaliwe: «Mukuye bote! Mukamwana wangu eko na bucungu! Inaanza sasa! Nani eko na motokari?»

Avenue yote ikatoka. Na unajua nani alikuja na gari? Angèle, jirani wa mbele, ambaye nimemzuia kuona tumbo la Daniella miezi tisa kwa sababu nilisema jicho lake ni zito. Alitoka na mafuta ya kupaka nusu ya uso, funguo mkononi. «Mama Hortense, unangoya nini? Mupandishe!» Daniella analia, «Mama, batu banasikia!» Nikamwambia, «Basikie! Basikie mpaka Kambove!» Ndani ya gari nikamwambia yote, barua, vidonge, kila kitu. Alinitukana na kunishika mkono kwa wakati mmoja.

Pale maternite, wodi ya wazazi, nilisema maneno yako kama sala: ana streptokoki B, mtoto wa kwanza alikufa siku ya pili, mtundikieni penisilini. Kijana mmoja daktari akaanza kusema tungoje tuone. Nikamwambia nimengoja toka mwaka themanini na sita. Blandine akaja mbio. Saa tatu na nusu asubuhi dawa ilikuwa inaingia mshipani, nimesimama naangalia matone. Saa saba na nusu mchana wakampa dozi ya pili. Mtoto alitoka saa tisa alasiri. Hesabu mwenyewe, mimi nimehesabu mara ishirini: masaa matano na nusu!

Ni msichana. Kilo tatu na gramu mia moja. Kalenga amefika na nguo za kiwandani, amelia mbele ya watu. Nilimweleza mwenyewe karatasi ya Lubumbashi inasema nini na haisemi nini, na shangazi zake nimewaeleza pia, kwa sauti niliyotumia barabarani. Wakitaka mtu aungame, waanze wao.

Hatukuondoka haraka. Blandine alisema wamchunge masaa arobaini na nane, wampime joto, wamhesabu pumzi. Nikamwomba anionyeshe namna ya kuhesabu. Siku ya pili, Jumanne, sikula. Daniella na mimi tulikuwa tunaangalia kifua kile kidogo tu. Kila mara akinyamaza tulimfinya kisigino, masikini, akapiga yowe, tukacheka na kulia. Ilipita asubuhi. Ukapita mchana. Jua likatua, na yeye anavuta ziwa kama mtu anayelidai.

Daniella anasema amekusamehe zamani, hata kabla hujaomba, na kwamba barua hiyo nimrudishie yeye maana ni yake. Nimemrudishia, na simu yake pia. Mimi sijui kama unaweza kunisamehe. Tulimwambia angoje, mimi na wewe, na hatukujua. Sasa tunajua.

Njoo Jumamosi. Angèle atakuja kukuchukua njia panda. Leo ni siku ya nne, Orpha, na yuko hai. Yuko hai na ana hasira, anataka kula.

Ni mimi,
Hortense